Sura ya Nne: Gulio la Kwanza la Mwaka

Katikati ya Aprili, mjini Madison, jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, udongo ndiyo kwanza umeacha kuganda. Jalidi bado huanguka usiku. Mche wa nyanya ukipandikizwa nje wiki hiyo, asubuhi utaukuta umelegea, majani yamegeuka meusi, na hakuna dawa ya kuurudisha. Wakulima wa huko hawatoi nyanya nje mpaka Mei imefika katikati, na wenye hadhari husubiri zaidi. Basi ni katika wiki hizohizo, siku ya Jumamosi, kabla hakujapambazuka vizuri, ambapo pikapu na malori madogo huingia kwenye barabara nne zinazolizunguka jengo la bunge la jimbo. Watu hushusha meza, hufunga turubai, hupanga mizani, na soko la wakulima la Dane County hufungua msimu wake wa nje. Litakuwa hapo kila Jumamosi mpaka Novemba.

Kwa msomaji wa Mwanza au Meru jambo hili ni geni kidogo. Gulio letu halina ufunguzi. Lina siku yake ya juma, na siku hiyo ikifika lipo, iwe masika, iwe kiangazi. Vinavyobadilika ni bei na bidhaa. Kule soko lenyewe hulala, au hujibanza ndani ya ukumbi wakati wa baridi likiwa na wauzaji wachache, na linapoamka huamka kabla ya shamba. Agosti kila mtu anaweza kulipenda soko la wakulima, maana meza zimefurika nyanya, mahindi mabichi, pilipili na matikiti. Siku ya ufunguzi mkulima karibu hana cha kuuza. Mimi naiona siku hiyo kuwa ndiyo inayosema ukweli wote, kwa sababu karibu kila kilicho mezani Aprili kilianza kutengenezwa zamani, na aliyekileta ni lazima alikuwa na ardhi zamani hiyo.

Tuanze na spinachi. Yale majani mazito ya kijani, yaliyojikunja kidogo, yalipandwa mwisho wa kiangazi kilichopita, yakapitisha baridi yote ndani ya banda la plastiki lisilopashwa moto. Nje theluji ilifika magotini. Ndani mche ulisimama tu, haukui wala haufi. Mmea wa namna hiyo ukipigwa na baridi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo huyasaidia maji yaliyo ndani ya jani yasigande upesi. Ndiyo maana spinachi ya Aprili ni tamu kuliko ya Juni, na wateja wanaojua huiendea moja kwa moja kabla ya kusalimia mtu. Ukitafuna jani bichi utauonja utamu huo nyuma ya ulimi, mahali ambapo spinachi ya duka kubwa huacha uchachu.

Karibu yake kuna chupa za maji ya mti wa mepo yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito na ya kahawia. Mti huo hutobolewa mwishoni mwa baridi, siku ambazo usiku kunaganda na mchana kunayeyuka, kwa kuwa kupanda na kushuka huko kwa joto ndiko kunakosukuma maji yake. Lita 40 hivi za maji hayo huchemshwa kupata lita moja ya sharubati. Na mti wenyewe hautobolewi ukiwa mchanga; huachwa miongo kadhaa mpaka shina linenepe. Anayeuza sharubati hiyo leo mara nyingi anavuna mti ambao yeye hakuupanda.

Kisha, Aprili ikielekea kwisha na Mei ikiingia, huja asparaga. Ni chipukizi nene kama kidole, linalotoka ardhini bila jani. Mkulima huinama na kisu akakata moja baada ya jingine usawa wa udongo, na siku ya joto hulazimika kukata asubuhi na kurudi jioni, maana lililokuwa fupi mno saa moja asubuhi limeshapita kimo jua linapozama. Lakini hesabu ya asparaga si ya siku. Ukipanda mizizi yake, mwaka wa kwanza huvuni. Mwaka wa pili unakata kidogo au unaacha kabisa. Mwaka wa tatu ndipo shamba linaanza kukulipa, na likitunzwa litakulipa miaka 15 na zaidi. Rubabi nayo, ule mmea wa mashina mekundu machachu wanaoupikia sukari na kuufanya andazi la tunda, hukaa palepale miaka mingi. Vitunguu pori vya msituni, vinavyopendwa mno wiki hizo, huchukua miaka mitano hadi saba tangu mbegu mpaka kukomaa, na napenda kuona muuzaji aliyekata jani na kuacha tunguu ardhini, kwa kuwa misitu mingi imekombwa.

Kipo pia kitu kisicholiwa siku hiyo: miche. Meza nzima za nyanya, pilipili, kabichi, mrihani na maua, katika vikombe vidogo vya plastiki. Mbegu zilitiwa Februari na Machi, ndani, chini ya taa. Mche uliolelewa hivyo ni laini, haujaonja upepo. Kabla ya kuuzwa hutolewa nje saa moja kivulini, ukarudishwa. Kesho saa mbili. Keshokutwa huachwa uonje jua. Na hivyo kwa wiki nzima au zaidi, mpaka shina likakamae. Anayeruka hatua hiyo huuza miche itakayokufa mikononi mwa mnunuzi, na mnunuzi huyo hatarudi kwenye meza yake Julai. Kwa mashamba mengi fedha za miche ndizo zinazolipa mafuta ya trekta na vibarua wa Mei, kabla mavuno hayajaanza.

Soko la Madison lilianza mwaka 1972, wakati wa meya Bill Dyke. Wamarekani walikuwa na magulio muda mrefu kabla ya hapo. Mjini Lancaster, Pennsylvania, soko la katikati ya mji linahesabu umri wake tangu miaka ya 1730. Kilichoyaua mengi ni maduka makubwa, malori yenye majokofu na barabara kuu zilizojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia: saladi ya California ikafika New York kwa urahisi zaidi ikiwa mbichi, na mkulima wa jirani wa New York akakosa wa kumuuzia. Barry Benepe, msanifu majengo na mpangaji miji, aliona mashamba ya kaskazini mwa jiji hilo yanafungwa moja baada ya jingine, huku watu wa mjini wakilalamika kwamba matunda hayana ladha. Yeye na Bob Lewis waliziunganisha shida hizo mbili. Julai 1976 walifungua soko kwenye kiwanja kitupu cha Mtaa wa 59 na Barabara ya Pili, Manhattan, na baadaye mwaka huohuo wakafika Union Square, mahali ambapo soko hilo lipo mpaka leo. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwasaidia wakulima kuuza moja kwa moja kwa mlaji. Mwaka 1994 wizara ya kilimo ilihesabu masoko 1,755 nchi nzima. Miaka 20 baadaye yalikuwa yamepita 8,000.

Kanuni iliyoyashika masoko hayo ni moja, nayo ni ngumu kuliko inavyoonekana: anayeuza awe amelima. Madison wanaisimamia hadi nyuma ya meza, ambako lazima asimame mwenye shamba au mtu wa shamba lake. Mchuuzi aliyenunua matenga jumla alfajiri hana nafasi. Wakaguzi huenda mashambani, na kama hawakuona tuta la karoti, karoti haiuzwi. California, ambako udanganyifu ulikuwa umezidi, ilipitisha sheria mwaka 2014 iliyoongeza ada ya ukaguzi na kuwataka wauzaji waweke bango linalosema wazi kwamba wanauza wanacholima. Hapa ndipo uhaba wa Aprili unapofanya kazi. Ukiona nyanya nyekundu zimejaa meza siku ya ufunguzi katika nchi ya jalidi, ama mwenyewe ana kitalunyumba chenye moto na atakueleza gharama yake kwa fahari, ama kuna jambo. Meza yenye spinachi, mayai, asali, jibini na viazi vya ghalani haina la kuficha.

Sisi tuna magulio mengi na bidhaa tele, lakini mkulima mwenyewe mara nyingi hayupo. Ameuza shambani, kwa dalali aliyekuja na lori, na pengine kwa lumbesa, lile gunia lililoongezewa kilemba mpaka kilo 100 zikawa 130. Serikali zetu zimepiga vita lumbesa miaka mingi. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2019, iliamuru viazi vifungwe katika mifuko isiyozidi kilo 50. Siwachukii madalali wote. Mtu wa Makete hawezi kuacha shamba kila wiki kwenda Dar es Salaam na magunia mawili, na dalali hubeba hasara za njiani ambazo mnunuzi wa mjini hazioni. Lakini nikitazama ile kanuni ya Madison naona jinsi mazungumzo yanavyobadilika mlaji anapoweza kumuuliza mtu aliyemwagilia: ulipiga dawa gani, lini, na kwa nini wiki hii bei imepanda? Marekani yenyewe, kwa wastani, katika kila dola moja inayotumika kununua chakula, mkulima hupata kiasi cha senti 15 tu. Nyingine ni za usafiri, usindikaji, duka na hoteli. Anayeuza kwenye meza yake anaipokea dola nzima, ingawa ndani ya dola hiyo kuna mafuta ya gari, ada ya soko na Jumamosi yote aliyokaa mbali na shamba.

Masoko haya husemwa kuwa ya wenye nacho, na kwa sehemu nyingi ni kweli. Mitaa inayopewa soko zuri kwanza ni ileile iliyo na maduka mazuri. Hata hivyo, kwenye masoko mengi utakuta kibanda cha taarifa penye mashine ya kadi. Anayepata msaada wa chakula wa serikali, unaoitwa SNAP, huipitisha kadi yake pale akapewa tokeni za mbao au za plastiki, kisha anazunguka nazo meza kwa meza. Mwaka 2009, kuanzia Detroit, shirika la Fair Food Network lilianzisha mpango wa kuongeza thamani ya msaada huo kwa anayenunua mboga na matunda: ukitumia dola moja unaongezewa nyingine. Jambo linaloifanya Aprili iwe na maana ya pekee ni kipengele cha sheria cha mwaka 1973. Fedha za msaada wa chakula haziruhusiwi kununua chakula cha moto kilicho tayari, lakini zinaruhusiwa kununua mbegu na miche ya mimea inayoliwa. Mama anayelea watoto kwa msaada anaweza kununua siku ya ufunguzi miche minne ya nyanya, akaipanda kwenye ndoo nyuma ya nyumba tarehe za jalidi zikipita, na akala mpaka Septemba. Ninatamani kila meza ya miche iwe na kibao kinachosema hivyo kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza, Kihispania na Kiswahili.

Nimekitaja Kiswahili kwa sababu wasemaji wake wapo nyuma ya meza hizo. Upande wa Kansas wa jiji la Kansas City, tangu mwaka 2008, mpango uitwao New Roots for Refugees unawapa wakimbizi vipande vya robo ekari katika shamba la mafunzo la Juniper Gardens, kando ya nyumba za umma. Wapo watu wa Burma na Bhutan, na wapo wa Burundi, Somalia na Kongo. Mafunzo ni ya miaka minne. Wengi wao hawahitaji kufundishwa kulima. Wamelima tangu utotoni, Makamba, Uvira au kambini. Wanachofundishwa ni kalenda na soko.

Kalenda ndiyo ngumu. Mtu aliyekulia kwenye vuli na masika, aliyezoea kwamba mvua moja ikimwangusha nyingine itakuja, anakuta mwaka mzima wa kilimo umebanwa kati ya jalidi ya mwisho na jalidi ya kwanza. Anakuta pia kwamba soko linafunguliwa wakati vyakula vyake mwenyewe haviwezi kuwapo. Mchicha, ambao Wakongo wengi huuita lengalenga, hautaki udongo baridi. Nyanya chungu ndiyo kabisa. Hizo ni za kiangazi kikiwa kimekolea. Basi siku ya ufunguzi mama wa Kirundi hupanga figili nyekundu, saladi, spinachi na vitunguu majani, vitu ambavyo nyumbani kwake baadhi havijawahi kupikwa. Figili hukomaa ndani ya siku 25 hadi 30, na kwa mkulima asiye na akiba ya mwaka jana hiyo ndiyo njia pekee ya kupata meza yenye rangi mapema. Muuguzi wa Kikenya anayepita akitoka zamu ya usiku atauliza, "Mama, mboga zetu zimefika?" na atajibiwa, "Bado, mwanangu, udongo ungali baridi. Urudi mwezi wa sita." Atanunua saladi, maana hawezi kuondoka mikono mitupu mbele ya mama.

Mwezi wa sita ukifika, mchicha huo huingia sokoni katika nchi ambayo wakulima wake wakubwa wanapigana na ndugu zake usiku na mchana. Jamii za mchicha pori ni magugu makuu ya mashamba ya mahindi na soya ya Marekani. Mmoja wao, uitwao mchicha wa Palmer, umeshinda dawa kuu ya kuua magugu na unaweza kupita kimo cha mtu. Watu wale wale wanaotumia fedha nyingi kuua mmea huo katika shamba la mahindi huweza kusimama Jumamosi mbele ya meza ya mama wa Kirundi wakiuliza jinsi ya kupika mchicha, na wakajibiwa: kitunguu, nyanya, karanga za kusaga, usiupike mpaka ufe.

Lakini hebu itazame tena meza ya Aprili na Mei. Mkimbizi mwenye robo ekari ya mafunzo anaweza kuleta figili, anaweza kuleta saladi na miche. Asparaga hawezi. Rubabi hawezi. Hata spinachi iliyopita baridi inahitaji banda ambalo mtu halijengi juu ya ardhi atakayoirudisha. Kila zao la ufunguzi linalolipa vizuri ni zao la mtu anayejua atakuwa wapi miaka mitatu ijayo. Kwa hiyo wakulima wawili wanaweza kulipa ada sawa, wakasimama meza jirani chini ya mvua ileile, mmoja akarudi nyumbani na mfuko mzito na mwingine na sarafu chache, na tofauti yao isiwe bidii wala ujuzi. Madison kuna tofauti nyingine juu ya hiyo: nafasi za kulizunguka bunge hugawiwa kwa ukongwe, aliyetangulia miaka mingi akiwa na mahali pake pa kudumu, na mgeni akisubiri pengo. Nauelewa mpango huo. Unamlinda aliyesimama kwenye baridi ya miaka ya sabini wakati hakuna aliyejua kama soko litadumu. Wahmong, waliofika Wisconsin kama wakimbizi baada ya vita vya Laos na kuanzia chini kabisa, leo ni miongoni mwa wauzaji wanaotegemewa zaidi sokoni hapo. Ila iliwachukua muda mrefu, na ardhi kwanza.

Mfano unaonipa matumaini uko Maine, kaskazini zaidi, ambako baridi ni kali kuliko Kansas. Mjini Lewiston wanaishi Wabantu wa Somalia, wazao wa watu waliochukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, kisha wakatoroka na kulima bonde la mto Juba. Baadhi yao bado wanazungumza Kizigua, lugha ya Handeni. Vita vya 1991 viliwatoa bondeni, wakakaa kambi za Kenya, na kuanzia mwaka 2003 maelfu yao walihamishiwa Marekani. Chama chao kina mpango wa kilimo uitwao Liberation Farms. Kwa miaka walilima viwanja vya kukodi vilivyotawanyika, mazao ya mwaka mmoja tu, hasa mahindi magumu ya kusaga. Mahindi hayo kwanza ni ya nyumbani. Ziada ndiyo inayouzwa.

Sasa wamepata shamba la ekari 107 katika mji mdogo wa Wales, Maine, chini ya mpango unaoiondoa ardhi kwenye biashara ya kuuzwa na kununuliwa na kuwapa wakulima mkataba wa muda mrefu. Mpango huo wameupa jina la Little Jubba. Ndani ya ekari hizo mtu anaweza kupanda mti wa tunda, kujenga banda la spinachi na kuuacha mzizi wa asparaga ukae ardhini mpaka mwaka wa tatu.